Jina na Maiti ya Shujaa: Uongozi na Uanaume katika Utendi wa Kigiriki na katika Majina ya Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Utangulizi

Msafiri atokaye katikati ya mji wa Nairobi kuelekea mashariki kwa Barabara ya Jogoo hupita kando ya mitaa ambayo majina yake yanatosha kuwa somo la lugha. Kuna Shauri Moyo, Bahati, Maringo na Uhuru, ambayo ni maneno ya kawaida ya Kiswahili. Kuna Jericho na Jerusalem, yaliyotoka katika Biblia. Barabara yenyewe iliitwa Doonholm wakati wa ukoloni. Jina lake la sasa ni la ndege aliyekuwa alama ya chama cha KANU, na ndiye ndege ambaye Waswahili humtaja wanapompima mwanamume aliye mgeni mjini: jogoo la shamba haliwiki mjini.

Miongoni mwa majina hayo yamo matatu ya watu waliokufa katika vita vimoja. Tom Mbotela na Ambrose Ofafa waliuawa katika miaka ya 1952 na 1953, na mauaji yao yakahesabiwa kuwa kazi ya Mau Mau. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa na serikali ya kikoloni mwaka 1957. Leo majina yao yamo katika eneo moja, na mtu anaweza kutoka Mbotela hadi Kimathi kwa miguu bila ya kumaliza asubuhi yake.

Makala haya yanakusudia kuyasoma majina hayo kwa kipimo cha utendi, hasa utendi wa kale wa Kigiriki uitwao Iliad, ambao kwa mapokeo ni wa mshairi Homer. Inafikiriwa mara nyingi kwamba utendi huo husifu nguvu za mwanamume na kumtukuza kiongozi ashindaye. Itaonyeshwa hapa kwamba kipimo chake cha mwisho ni kingine. Uanaume wa shujaa na uongozi wake hutimia pale anapokubali kumrudishia adui mambo mawili, yaani jina lake na maiti yake. Kwa kipimo hicho, mji wa Nairobi umelipa nusu ya deni.

Jina na heshima

Iliad ilizaliwa katika fasihi simulizi. Uchunguzi wa Milman Parry, alioufanya katika miaka ya 1930 miongoni mwa watambaji wa Yugoslavia, na ambao mwanafunzi wake Albert Lord aliuendeleza, ulionyesha jinsi mtambaji awezavyo kutunga maelfu ya mistari papo hapo kwa kutumia mafungu ya maneno yaliyokwisha kuzoeleka. Kwa hiyo maneno makuu ya utendi huo ni maneno ya watu waliosikiliza.

Neno la kwanza la kuzingatiwa ni kleos. Asili yake ni kitenzi chenye maana ya kusikia, na maana yake ni kile kinachosikiwa juu ya mtu hata akiwa hayupo. Kiswahili kina “sifa”, lakini lililo karibu zaidi ni kitenzi “kuvuma”, kwa kuwa nalo hutoka katika sauti. Mtu huvuma kama ngoma, na methali huonya kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Achilles analifahamu onyo hilo. Ameambiwa kwamba akibaki vitani atakufa mapema na jina lake litadumu, na akirejea kwao ataishi miaka mingi bila ya kuvuma.

Neno la pili ni time, yaani heshima. Heshima hii inaonekana kwa macho: ni kipande bora cha nyama katika karamu, ni shamba, ni fungu katika mateka ya vita. Haitolewi bure. Katika sehemu ya kumi na mbili ya utendi, Sarpedon, mfalme wa Lycia, anamwuliza mwenzake Glaucus sababu ya watu wao kuwapa wao wawili ardhi njema na viti vya mbele. Jibu lake mwenyewe ni kwamba wamepewa hayo ili wasimame mbele wakati wa hatari. Huu ni mkataba baina ya kiongozi na watu, na aliyekula kwanza akasimama nyuma ameuvunja.

Fimbo na mkuki

Utendi wote unaanzia katika kuvunjika kwa mkataba huo. Agamemnon ndiye mfalme mkuu, na fimbo ya enzi imo mkononi mwake. Achilles ndiye mpiganaji mkuu. Agamemnon anapolazimika kumrudisha mateka wake mwanamke, anamnyang'anya Achilles mateka wake, Briseis, ili mwenye enzi asibaki mikono mitupu. Achilles anashika upanga kutaka kumwua, anazuiwa na mungu wa kike Athena, na ndipo anapojitenga na vita. Tangu hapo watu wa kawaida wanakufa kwa wingi kwa sababu ya ugomvi wa wakubwa wawili. Mtambaji hamtetei hata mmoja wao. Mwenye fimbo amegawa kwa dhuluma, na mwenye mkuki ameweka hasira yake juu ya maisha ya wenzake.

Msomaji wa tenzi za Kiswahili ataukumbuka mgogoro wa namna hiyo katika habari za Fumo Liongo, zilizochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 na kuandikwa kwa utenzi na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Mtawala wa Pate ana kiti. Liongo ana nguvu, ana upinde, na ana ufundi wa nyimbo. Anafungwa gerezani, na anajiokoa kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa makapi, huku wimbo ukimfikishia mama yake ujumbe ambao walinzi hawakuuelewa. Huko Pate, kama huko Troy, enzi isiyo na nguvu inaiogopa nguvu isiyo na enzi.

Lakini Homer haridhiki na shujaa wa mkuki peke yake. Mzee Phoenix anamkumbusha Achilles kwamba alikabidhiwa kwake akiwa mtoto ili afunzwe kazi mbili, kunena barazani na kutenda vitani. Mwanamume kamili ni wa pande zote mbili. Baraza lenyewe, hata hivyo, halikuwa wazi kwa kila mtu. Thersites, askari asiye na cheo, anaposimama kumlaumu Agamemnon kwa uroho, anapigwa na Odysseus kwa fimbo ileile ya enzi, na wenzake wanamcheka. Ajabu ni kwamba lawama zake zinafanana sana na zile alizozitoa Achilles. Maneno ni mamoja, na kilichotofautiana ni cheo cha msemaji.

Katika Eastlands, baraza la namna hiyo lilikuwa Ukumbi wa Kaloleni. Humo, tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa pamoja wa chama cha KAU na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki, Makhan Singh, kiongozi wa wafanyakazi, alidai uhuru wa nchi hizi. Mwezi uliofuata alikamatwa, na alikaa kizuizini hadi mwaka 1961. Hakuwa na kiti wala mkuki. Alikuwa na neno, na neno hilo lilimgharimu zaidi ya miaka kumi na moja.

Vita vilipohamia msituni, mgogoro wa fimbo na mkuki ulizuka upya miongoni mwa wapiganaji wenyewe. Kimathi alikuwa mtu wa kalamu. Alitunza kumbukumbu, aliandika barua na kugawa vyeo, na baraza lililoitwa Kenya Parliament, lililoundwa mwaka 1954, lilikuwa chini yake. Stanley Mathenge, aliyepigana katika Vita Vikuu vya Pili, hakuwa na elimu ya shule, na wafuasi wake walinung'unika kwamba waliojua kuandika walikuwa wakijitwalia uongozi wa watu waliojua kupigana. Kalamu ilikuwa imechukua nafasi ya fimbo ya Agamemnon. Jambo hili lastahili kuzingatiwa na wanaisimu, kwa kuwa linaonyesha kwamba kusoma na kuandika kunaweza kuwa enzi, na kunaweza kuonewa wivu kama enzi.

Aibu

Nguzo ya tatu ya uanaume wa utendi ni aidos, neno linaloweza kufasiriwa kwa “haya” au “soni”. Ni hisia ya mtu anayejua kwamba anatazamwa na watu anaowaheshimu. Hector, mtetezi wa Troy, anaongozwa nayo katika kila tendo. Mkewe Andromache anapomsihi asiende nje ya ukuta, anamjibu kwamba ataona haya mbele ya wanaume na wanawake wa mji. Hisia hiyo ndiyo inayomfanya kiongozi mwema, na ndiyo inayomwua. Alikuwa amekataa shauri la Polydamas la kulirudisha jeshi ndani usiku, na asubuhi, watu wengi wakiwa wamekwisha kufa, anaona aibu kuingia ndani na kulaumiwa. Anabaki nje peke yake na kufa. Hapa mtambaji anafundisha kwamba aibu isiyosikia shauri ni kiburi kilichovaa nguo za heshima.

Katika utendi huo, njia ya haraka ya kuiamsha aibu ya wanaume ni kuwaita wanawake. Thersites anaitumia, na Menelaus pia. Nairobi ina kisa ambacho kinaligeuza tusi hilo. Harry Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, na umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe. Tarehe 16, wajumbe waliokwenda kuonana na wakubwa wa serikali walirudi na kuwaambia watu watawanyike. Muthoni Nyanjiru akatoka mbele, akainua nguo yake, akawaambia wanaume waichukue wao na kumpa yeye suruali zao. Umati ukasonga mbele, polisi wakapiga risasi, na Muthoni akawa miongoni mwa waliokufa.

Kwa kipimo cha Sarpedon, siku ile kiongozi alikuwa Muthoni, kwa kuwa ndiye aliyesimama mbele. Alilitumia tusi la kale la wanaume dhidi ya wanaume, kisha akafanya kazi ambayo tusi hilo husema kwamba mwanamke haiwezi. Kisa hiki kinaonyesha kwamba tendo linalosifiwa na utendi kwa jina la uanaume halikuwa mali ya wanaume.

Majina ya Mbotela na Ofafa

Kigiriki cha Homer kina neno agathos, ambalo hueleza mtu aliyezaliwa katika ukoo bora, aliye hodari vitani, na kwa hiyo aliye mwema. Cheo na tabia vimefungwa katika neno moja. Kiswahili kina neno linalofanana nalo sana, nalo ni “mwungwana”. Katika miji ya pwani lilimtaja kwanza mtu huru asiye mtumwa, na likaeleza pia mtu mwenye adabu, kana kwamba adabu hurithiwa pamoja na uhuru.

Jina la Mbotela linalikabili neno hilo moja kwa moja. Ukoo huu ulitoka Frere Town, Mombasa, makazi ya watumwa walioachwa huru, na James Mbotela ndiye aliyeandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934. Mwenye jina hilohilo, mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, aliwauliza Wakenya kwa miongo mingi redioni, “Je, huu ni ungwana?” Neno lililowahi kuwatenga wana wa watumwa likawa mikononi mwa Mbotela kuwa kipimo cha mwenendo wa kila mtu. Ni mabadiliko ya maana ambayo kamusi huyaeleza kwa mstari mmoja, lakini ambayo watu waliyatolea jasho.

Tom Mbotela alikuwa makamu wa rais wa KAU na alipinga njia ya mapigano. Aliuawa Nairobi mwezi wa Novemba 1952, mwezi mmoja baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba. Ofafa, aliyekuwa diwani wa mji na mtunza hazina wa Umoja wa Waluo, aliuawa mwaka uliofuata. Baraza la mji liliipa mitaa ya nyumba za Waafrika majina yao katika miaka hiyohiyo ya 1950. Nia yake haikuwa ya kitambaji: serikali ya vita ilikuwa ikichagua wafu wake na kuwatolea wakazi mfano wa kufuata. Waluo nao walimkumbuka Ofafa kwa njia yao, na Ukumbi wa Ofafa uko Kisumu hadi leo.

Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi liliizingira Nairobi katika msako ulioitwa Anvil. Wanaume kwa maelfu walitolewa katika mitaa ya mashariki, wakachuchumalishwa chini, na kupitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho, ambao kwa kutikisa kichwa waliamua nani apelekwe kizuizini. Katika utendi, shujaa hutaja jina lake na la baba yake kabla ya kupigana, hata adui ajue ameuawa na nani. Mtu wa gunia hana jina wala uso. Huo ndio mwisho wa ulimwengu wa kleos: mtu anaangamizwa na asiyeweza kusikiwa wala kutajwa.

Baada ya uhuru mji ulipata pia mtaa wa Kimathi. Jina hilo halikuyafuta ya awali. Huenda hakuna aliyekusudia, lakini matokeo yake yanalingana na desturi ya Homer, ambaye anamwomboleza Mtroy kama anavyomwomboleza Mgiriki. Mtoto wa Eastlands anayeyataja majina hayo matatu akielekeza mgeni njia anataja pande zote mbili za vita bila ya kuombwa achague mmoja.

Maiti

Iliad haimalizikii kwa kutekwa kwa Troy, wala kwa kifo cha Achilles. Inamalizikia kwa mazishi ya adui. Kabla ya kupigana, Hector alimwomba Achilles waahidiane kwamba atakayeshinda ataurudisha mwili wa mwenzake. Achilles alikataa. Alipomwua alimfunga nyuma ya gari lake na kumburura, na siku nyingine akaendelea kumburura kulizunguka kaburi la rafiki yake Patroclus. Nguvu zake zilikuwa zimefika kileleni, na hata miungu ilichukizwa.

Ndipo mzee Priam, baba yake Hector, alipokwenda usiku katika kambi ya adui, akaibusu mikono iliyowaua wanawe, na kumtaka Achilles amkumbuke baba yake mwenyewe. Wakalia wote wawili, kila mmoja akiwalilia wafu wake. Kisha Achilles akaamuru maiti ioshwe na kuvikwa, akaiinua kwa mikono yake mwenyewe, akamwuliza mzee anahitaji siku ngapi za matanga, akazitoa zote kumi na moja. Hapa Achilles anafanya kwa mara ya kwanza kazi ya mfalme: anasikiliza, anagawa kwa haki, na anaizuia vita kwa neno lake. Nguvu zake ni zilezile, ila sasa ameweza kuzitawala.

Utenzi wa Liongo unaligusa jambo hilo kwa namna yake. Liongo, akiisha kuchomwa sindano ya shaba kitovuni na kijana wa damu yake, anafia kisimani akiwa amepiga magoti na kuvuta upinde. Mji mzima unaogopa kwenda kuteka maji, mpaka mama yake anapoombwa aende kumbembeleza. Mtawala amepata kifo alichokitaka, lakini hawezi kuikaribia maiti. Mama ndiye anayeweza.

Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, na akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Alizikwa humo gerezani bila ya alama, na jamaa zake hawakupewa maiti yake. Tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo ya mwaka 1976, ambayo Kiswahili inaitwa Mzalendo Kimathi, ilimrudishia sauti. Mtaa na barabara zilimrudishia jina. Sanamu iliyozinduliwa Nairobi tarehe 18 Februari 2007 ilimrudishia umbo. Mjane wake, Mukami Kimathi, aliomba kwa miaka mingi mabaki ya mumewe yatafutwe ili yazikwe kwa heshima. Alifariki mwezi wa Mei 2023 kabla ya ombi hilo kutimizwa.

Serikali iliyomnyonga haikuwa na Achilles wa saa ya mwisho, na serikali zilizofuata zilirithi gereza pamoja na kaburi lililomo. Majina yanatolewa kwa urahisi zaidi kuliko maiti, kwa kuwa jina hupamba mwenye kulitoa, na maiti humlazimu mwenye nayo kukiri alichokifanya.

Hitimisho

Kutokana na hayo yaliyoelezwa, mambo mawili yanaweza kusemwa. Kwanza, ufundishaji wa utendi, uwe wa Kigiriki au wa Kiswahili, usiishie katika kuorodhesha sifa za shujaa, yaani nguvu, ujasiri na ukoo. Sifa hizo ndizo Achilles alizokuwa nazo alipokuwa akiburura maiti. Mwanafunzi aulizwe pia kiongozi amegawa vipi, amesikiliza shauri la nani, na amemfanyia nini adui aliyekwisha kushindwa.

Pili, majina ya mitaa ni fasihi simulizi ya mji, na yanastahili kukusanywa na kuchunguzwa kama methali na tenzi zinavyochunguzwa. Wazee wa Kaloleni, Shauri Moyo na Bahati wanaojua nani aliitwa nini, na kwa nini, wanazidi kupungua. Mtambaji wa Iliad alinyamaza baada ya Hector kuzikwa na watu wake kula chakula cha matanga pamoja. Katika habari ya Kimathi, chakula hicho bado hakijaliwa.